Gorfa ya Mama Mkwe Niliyoigeuza Taa

Admin, ficha jina langu, na picha ya sebule niliyokutumia usiiweke. Isiolo ni ndogo na sebule yangu inajulikana.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, Mmeru niliyeolewa na Mborana. Nashona mapazia mjini. Tunaishi vyumba viwili upande wa Burat, na bila kujisifu, hakuna mgeni anayeingia kwangu asiulize ni nani alinipambia. Viti vyangu ni matairi ya lori niliyoyazungushia kamba ya katani. Meza ni mbao za makasha ya dukani, nilizipiga msasa mwenyewe nikiwa na mimba. Mapazia ni mabaki ya vitambaa vya wateja, rangi saba, na zimeelewana kuliko watu wengi ninaowajua. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: siwezi kuona kitu kimekaa bure. Ndoo ikitoboka, napanda maua ndani yake. Huo ugonjwa ndio umenifikisha hapa.

Mama mkwe wangu alikataa ndoa yetu kwa miaka mitatu. Hata nilipobadili dini hakukanyaga kwangu. Mwaka jana, mimba ikiwa na miezi sita, akapanda lori la mifugo kutoka Merti akaja. Hakukaa hata saa mbili. Alitoa kwenye mtandio wake gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kinabana na tone halipiti. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, ule wanaoifukizia ndani ili maziwa yanukie, ina mikanda ya ngozi. Akaniwekea mkononi.

"Hii sasa ni yako," akasema. "Weka vizuri. Sabuni usiguse."

Nililia siku ile. Nilijua nimekubaliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri kabla hamjanitukana. Gorfa ilikaa kwenye katoni chini ya kitanda, na kila nikifagia naigonga na ufagio. Niliona aibu. Zawadi ya mama mkwe chini ya kitanda kama viatu vya zamani! Mwezi uliopita, mtoto akiwa na miezi miwili, nikaona kwenye ukurasa wa mapambo taa iliyotengenezwa kwa kikapu. Nikasema, huyu mama nitampa heshima, nitaitundika gorfa yake katikati ya sebule. Nikakata kitako kwa msumeno mdogo, nikapitisha waya na balbu. Lakini harufu ya moshi ilikuwa inashika mapazia yangu mapya. Nikailoweka siku mbili kwa sabuni na dawa ya kung'arisha nguo, nikaisugua hadi ndani. Ndiyo, nilikumbuka alichosema kuhusu sabuni. Nikadhani ni mambo ya wazee.

Ilipowaka, mwanga ulipita kwenye matundu madogo yaliyofunguka nilipoisugua, ukachora ukuta mzima. Mume wangu alikuwa safarini, yeye huendesha pikapu ya Merti. Nilipiga picha nikaiweka mtandaoni. Watu walisifu hadi nikavimba kichwa.

Jumapili wifi yangu anayeishi na mama huko Merti akapiga simu. Hata salaam aleikum yangu hakuijibu.

"Hiyo umetundika kwa stima ni nini?"

Nikamwambia kwa furaha, ni gorfa ya mama.

"Si ya mama. Hiyo alisuka dada yetu mkubwa, ya harusi yake. Akafariki kabla ya harusi. Moshi iko ndani aliweka na mkono yake. Mama miaka yote hajawahi weka maziwa hapo. Anafungua tu, ananusa, anafunga. Wewe ndio alipatia, na wewe umekata?"

Jina la huyo dada ndilo jina la binti yangu. Mume wangu alilichagua, nami nilijua ni la dada aliyefariki, basi. Habari ya gorfa hakuna aliyenieleza.

Wifi akamaliza, "Mimi sitamwambia mama. Utamwambia wewe na mdomo yako."

Nilimpigia mume wangu nikilia. Yeye akasema ni jambo dogo. "Nyamaza tu. Nimepata ingine hapa kwa mama mmoja anasuka. Tutaifukiza ikuwe nyeusi. Mama siku hizi macho imekuwa mbaya, hatajua." Hiyo mpya iko nyuma ya kiti cha pikapu yake. Na Ijumaa, kwenye kiti hicho hicho, atamleta mama aje kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, maana mguu ulimzuia tangu mtoto azaliwe. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamekuja na mjukuu mwenyewe.

Jana mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya furaha, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mtoto amelala?"

"Amelala, mama."

"Gorfa iko?"

Nilitazama juu. Ilikuwa inaning'inia pale na waya wake.

"Iko, mama."

"Haya. Ijumaa nikifika, leta hapa mkononi. Nataka kunusa kwanza, halafu nibebe mtoto."

Leo ni Jumatano. Nimeiteremsha, nikatoa balbu, nikaingiza pua ndani nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Inanukia sabuni. Hiyo nyingine itanukia moshi, lakini si wa binti yake, na mama aliyeinusa miaka yote hiyo hahitaji macho kujua. Nikisema ukweli, nitaupoteza mlango alioufungua baada ya miaka mitatu, na labda hatambeba mtoto. Nikinyamaza, nitamkabidhi marehemu wa uongo, naye atanishukuru.

Wenzangu mlioolewa na mlio na wakwe, Ijumaa akinyoosha mikono, nimwekee nini?