Mama Alivuka Bahari Amelala

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo bado hunijia nikiwa nimetulia kimya, na kila ikinijia huja na ukungu wake. Ulikuwa umepanda kutoka mto Lualaba ukafunika nyumba zetu za Kasongo, hata mnara wa msikiti ukawa hauonekani, imebaki sauti ya adhana tu, inatoka mahali pasipojulikana. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, simu sikioni. Mimi nilikuwa napanga vitenge vya kupeleka sokoni. Aliyepiga simu ni mdogo wangu Mwajuma, anayeishi Montréal, ng'ambo ya bahari kubwa, na alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Baada ya miaka mingi ya kungoja, alikuwa na mimba.

"Mama, uje," alisema. "Nani ataniogeshea mutoto?"

Mama akajibu, "Nitakuja. Lakini nitakuja nimelala."

Ngoja nikueleze maana yake. Mama alianguka na pikipiki akitoka Kabambare, kwenye mteremko ule wenye mawe, akaumia nyonga. Alipona kwa namna yake: kusimama aliweza, kutembea na fimbo aliweza, kulala pia. Kukaa ndiko kulikomshinda. Akikaa muda wa kupika wali, mguu unakufa ganzi, maumivu yanapanda mpaka mgongoni, halafu siku kadhaa hainuki. Daktari alimwambia waziwazi kwamba safari ya kukaa mchana kutwa na usiku kucha asiithubutu.

Nilikuwa nimesikia kwamba ndege kubwa zina viti vya mbele, vya daraja la biashara, vinavyofunguka vikawa kitanda. Mjomba Ramazani, kaka yake Mama, alicheka niliposema hivyo. "Ile viti iko ya mawaziri," alisema. "Sisi tuko batu ba vitenge na mchele, watu wa soko."

Wakati ule nilikuwa na umri kama wako, mwanangu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuamini. Nilipokwenda Bukavu kuchukua bidhaa, niliingia ofisi moja ndogo inayouza tiketi. Ndani alikuwamo mwanamke mmoja mpole aitwaye Mama Odette, feni ikizunguka polepole juu ya kichwa chake. Nilitarajia anicheke kama mjomba. Akanivutia kiti.

"Mama yako anataka kufika lini?"

"Kabla mtoto hajazaliwa. Mwezi wa kumi na mbili."

Akatikisa kichwa. "Mwezi ule kila mutu anarudi kwao kwa Noeli. Bei inapanda mpaka inatisha. Hana siku zingine?"

Halafu akaanza kunionyesha, bila haraka, akizungusha siku kwenye kompyuta kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa sijui, mwanangu, kwamba kitanda kilekile, ndani ya ndege ileile, kinaweza kuuzwa bei mbili zilizo mbali sana. Ukianzia Kinshasa ni bei moja, ukianzia Kigali ni nyingine. Ukiondoka Ijumaa unalipa zaidi, ukiondoka katikati ya juma unalipa kidogo. Akanionya nisinunue safari vipande vipande, tiketi moja mpaka Ulaya na nyingine ya kuvukia bahari, kwa sababu tiketi moja ya kwenda na kurudi, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ni nafuu, na ndege ya kwanza ikichelewa wenye ndege wenyewe wanatafuta namna ya kukufikisha. Nilitoka pale jua likiwaka juu ya ziwa, nikatembea kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta aliouzoea.

Majuma kadhaa yalipita. Mimi na Mwajuma tuliweka tulichoweza kuweka. Kisha mchana mmoja Mama Odette akapiga simu: amepata. Daraja la biashara, karibu nusu ya bei ya kawaida, na Mama angefika kabla ya mtoto! Mjomba alipiga makofi. Majirani wakaja. Mama, kwenye mkeka wake, akanyoosha mkono, akaomba simu.

"Mama Odette, asante sana. Hicho kiti kinanyooka kabisa?"

"Ngoja niangalie ndege yenyewe." Tulisubiri. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, unisamehe. Hiyo ndege iko na viti vya zamani. Kiti kinainama tu, hakinyooki. Mutu analala huku anateleza."

"Na kinachonyooka?"

"Kiko mwisho wa mwezi wa kwanza, Noeli ikiisha kupita. Bei yake ni karibu ileile. Lakini mutoto atakuwa amezaliwa."

Mjomba Ramazani ndiye aliyesema kwanza. "Dada, chukua hiyo ya sasa. Utavumilia. Ni siku moja tu, na mutoto anakungoja."

Mama hakupandisha sauti. Hakuwahi kuipandisha kwa kaka yake. Alisema, "Yaya, kaka yangu, wewe unataka nifike, ao unataka nishushwe? Nikishushwa pale nimevunjika, Mwajuma atakuwa na watoto wawili wa kuogesha." Mjomba akainamisha kichwa, akaanza kuondoa vumbi kwenye kofia yake, vumbi ambalo halikuwepo.

Mama alimpigia Mwajuma mwenyewe. Nilisikia kimya cha mdogo wangu kutoka kule mbali, kirefu, kisha neno moja: "Sawa." Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu miezi yote iliyobaki. Mtoto alizaliwa, msichana, na Mama aliishika simu sikioni akisikiliza kilio chake mpaka yuniti za kupigia zikaisha, na bado hakuiondoa sikioni.

Basi siku ikafika. Ndege ndogo ilitutoa Kasongo hadi Bukavu, Mama amelazwa juu ya godoro, na kutoka huko gari likatupeleka Kigali polepole, yeye kalala kiti cha nyuma. Kuanzia Kigali akapata kitanda chake. Mimi nilikaa nyuma, kwenye viti vya kawaida, kwa kuwa mgongo wangu ulikuwa mzima. Ulaya tulibadilisha ndege, tukaondoka asubuhi, na nakuambia, mwanangu, jua halikusogea. Tulikuwa tunalifuata, nalo linatungoja. Saa zilipita na bado ilikuwa asubuhi ileile.

Mhudumu mmoja alifungua pazia akaniruhusu nikamwone. Mama alikuwa amelala amenyooka, blanketi kifuani, shavu karibu na dirisha. Chini yetu mawingu yalitandazwa meupe kama unga wa muhogo ulioanikwa, hayana mwisho, na mahali fulani chini yake ilikuwa bahari ambayo hatukuiona hata mara moja.

"Kwetu saa hizi wameisha kuswali alasiri," alisema, kama anayeongea usingizini. "Na mimi bado niko asubuhi."

Nikamshika mkono. Uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ajali. Akalala, nami nikasimama pale nikimtazama mama yangu akipita juu ya dunia bila maumivu.

Montréal kulikuwa na theluji. Mwajuma alitupokea na mtoto amefungwa mgongoni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na alimkumbatia Mama kidogo tu, haraka, kama mgeni. Tulipofika kwake, Mama hakuomba chai wala mahali pa kulala. Aliegemeza fimbo ukutani.

"Nipeni maji ya uvuguvugu."

Akamwogesha mtoto palepale, juu ya meza ya jikoni, amesimama, mikono yake ikizunguka kile kichwa kidogo taratibu. Mwajuma alimtazama muda mrefu.

"Mama, umesimama!"

"Nimelala njia yote, mwanangu. Sasa lala wewe."

Mdogo wangu akaweka kichwa begani kwa Mama, akalia, kisha akaenda chumbani, akalala mpaka kesho yake.

Kwa hiyo, mwanangu, unayetaka kumvusha mzazi wako bahari, sikia. Usiogope viti vya mbele kwa sababu watu wamecheka. Tafuta mapema, uwe na siku nyingi za kuchagua, ukwepe sikukuu, uulize bei ya kuanzia mji mwingine, na ununue njia nzima kwa tiketi moja. Uliza kiti kinanyooka au kinainama, na usilipe kabla hujajibiwa. Wewe mwenye mgongo mzima kaa nyuma bila aibu. Na ukilazimika kuchagua kati ya kufika mapema na kufika mzima, chagua uzima, hata kama yule anayekungoja atanyamaza kwenye simu.

Mungu akufungulie njia zako zote, akuwekee watu wapole katika kila mlango, na wale unaowaendea uwakute wakiwa hai, wakiwa na nafasi ya kukukumbatia.