Kamera Mbili na Dirisha Jekundu

Mwenye duka aliziweka kamera mbili juu ya kioo cha kaunta, akasogea kando. Huyo mama ni mjanja. Anajua kwamba mtu wa picha akiachwa na kamera atajiuzia mwenyewe.

Ya kushoto ilikuwa ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti. Lenzi yake imeshikamana na mwili, haitoki, lakini ukibonyeza inarefuka kama shingo ya kobe na kuvuta kitu cha mbali mpaka kije puani. Ya kulia ilikuwa kubwa, ya watu wa kazi, imetumika lakini safi, aina hii mpya isiyo na kioo ndani. Sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni sawa na kipande kimoja cha ile filamu yetu ya zamani. Sensa ya ile ndogo ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Na hii kubwa ilikuja na lenzi moja tu, ya milimita hamsini, ambayo haivuti. Ukitaka uso wa mtu unaufuata kwa miguu yako.

"Mzee," akasema, "hii kubwa ndiyo kamera. Hii ndogo ni ya watalii, ya kuangalia simba."

"Na mimi nani amekwambia sina simba?"

Akacheka. "Basi shika."

Nikashika ile kubwa, na hapo shida ikaanza. Kamera kama hiyo hulala kwenye kiganja cha kushoto, vidole vikiizunguka lenzi kutoka chini. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika, na kovu linalotoka hapo mpaka karibu na kiwiko. Kamera ikayumba, mama akaidaka. Hakuuliza kitu. Watu wa Eldoret wa umri wetu hawaulizi kovu limetoka wapi. Wanahesabu miaka kimoyomoyo halafu wanaongea habari ya mvua.

Mimi nasema. Nilikuja huku kutoka upande wa ziwa nikiwa kijana wa darasa la sita, nikafundishwa kuosha filamu gizani, na baadaye nikafungua studio yangu kwenye senta moja njia ya Soy. Nilikuwa na pazia kubwa la buluu ambalo mchoraji wa mabango alinichorea ndege. Bawa moja lilitoka refu kuliko lingine, lakini ngazi zilifika chini kabisa, hivyo mteja akisimama vizuri anaonekana anashuka kutoka Ulaya. Dirisha moja la ndege lilipobanduka rangi, nililipaka rangi ya kucha ya mke wangu. Likabaki jekundu. Senta nzima ilishuka kutoka kwa ndege ile.

Nilikuwa na mtindo wangu pia. Kabla ya kupiga, ninamwendea mteja, ninamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, ninakigeuza kidogo kufuata mwanga. "Kidevu juu. Usipumue." Watoto wa senta walifanya mchezo wao, wanashikana videvu njiani na kuambiana wasipumue.

Halafu kura ikaharibika, watu wakachomana. Majina yote ninayo, lakini hapa nitataja kazi zao tu, wenyewe watajijua. Mlango wangu ulivunjwa na kinyozi, ambaye duka lake na langu yalitenganishwa na ukuta mmoja, na ambaye mimi ndiye nilimpiga picha za harusi. Mafuta ya taa yalitoka kwa mwenye kinu cha unga. Mzee wa kanisa alisimama ng'ambo ya barabara, Biblia kwapani, akaangalia, kisha akasema ana safari, akaenda. Aliyenikata simjui, kwa sababu huo mkono ndio niliojifunikia uso.

Negativu zote ziliungua. Ubatizo, harusi, wazee waliovaa kofia za kuazima. Walifikiri wanachoma mali yangu. Walichoma nyuso zao wenyewe.

Sasa nina kibanda hapa mjini, napiga picha za pasipoti. Kamera yangu ya mwisho ilikufa shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, ndiyo maana nilikuwa kwa kaunta ile siku hiyo, nikizungusha macho kama mbuzi kati ya majani mawili. Ndipo simu ikalia.

"Ni mimi," sauti ikasema.

"Mimi nani?"

"Jirani."

"Jirani yangu ni fundi wa viatu, na sauti yake naijua."

"Wa zamani. Wa... kunyoa."

Nikatoka nje ya duka. Kwa simu nilisikia kuku wakilia kwake.

"Mama ametolewa hospitali kule Plateau," akasema. "Wametuambia tumpeleke nyumbani apumzike."

Kila mtu anajua hospitali ikisema hivyo imesema nini.

"Hana picha hata moja. Hata ya kitambulisho imefutika. Anasema ni wewe umpige, ama akae bila."

"Alikuwa nayo, kwangu studio," nikasema. "Alivaa kitambaa cha kijani, akakataa kucheka. Wewe uliichoma."

Kuku wakaendelea. Halafu akauliza, polepole, "Kesho saa nne utaweza?"

Siku hizi huku kwetu mtu hazikwi bila picha. Picha hutangulia, jeneza hufuata. Asiyekuwa nayo hukuziwa ile ya kitambulisho, anatoka ukungu mtupu, wajukuu wanalia mbele ya kitu kisicho na macho. Yule mama hakunikosea chochote. Kama ningekataa, angezikwa bila uso, na wa kulaumiwa wa pili ningekuwa mimi. Nikasema nitaenda.

Mwenye duka alinipa kamera zote mbili nizijaribu. Nikamwachia kitambulisho changu na ile kamera mfu.

"Ya mwisho wa maisha, piga na kubwa," akanishauri. "Uso wa mzee unataka sensa."

Mimi nilikuwa nimeshaamua kimoyomoyo. Ningetumia ndogo. Ningesimama mbali, nivute, nipige, niondoke bila kumpa yule mtu mkono. Kwa kazi hiyo hakuna kamera bora. Inakuletea uso wa mtu bila kukulazimisha kukaa naye.

Nikafika, nikasimama kando ya ghala la mahindi, hatua kama arobaini kutoka nyumbani. Walikuwa wamemketisha mama kwenye kiti nje, na nyuma yake wametundika kitambaa. Ndiyo desturi. Mtu akipigwa picha nyumbani, kitambaa kizuri kuliko vyote hutolewa ndani kikafunike ukuta. Kutoka pale nilipokuwa niliona buluu tu.

Nikavuta. Uso ukaja, mdogo kuliko nilivyoukumbuka, mashavu yameingia. Nikasogeza kamera kidogo upande. Bawa refu. Nikasogeza tena. Dirisha jekundu.

Nilikaa miaka nikiamini ndege yangu iliungua pamoja na kila kitu. Kumbe kabla ya moto mtu aliikunja vizuri akaenda nayo kwake.

Nikapiga mara sita, saba. Sitadanganya, sikumpiga mama. Nilipiga dirisha.

"Huyo mtu wa picha," sauti ya mama ikatoka kule kitini, "mbona amejificha kwa mahindi kama mwizi wa kuku?"

Watu wakacheka.

"Mwizi si mimi, Kogo," nikajibu kwa nguvu. Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yao.

Kicheko kikakatika.

"Najua," akasema. "Kuja."

Nikaenda. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, amezeeka, kofia mikononi. Hakusogea na mimi sikumsalimia. Mama akanyoosha mkono. "Leta huo." Nikampa wa kulia. "Si huo."

Akaushika ule wa kushoto, akalifuata kovu kwa kidole gumba mpaka linapoishia, kama mtu anayetafuta pindo la nguo.

"Hii pazia imekaa dirishani kwangu miaka yote hii," akasema. "Inanikinga baridi. Sikuinunua, na hakuna aliyeniambia ilitoka wapi. Lakini si mimi nilipigwa picha mbele yake? Ama huyu alifikiri nimesahau?"

"Leo nani aliitundika?"

"Mimi ndiye nilisema itundikwe. Yeye alitaka shuka ya maua."

"Mama," kinyozi akasema kutoka mlangoni, "acha mtu afanye kazi."

"Wewe uliacha mtu afanye kazi?"

Chai ikaletwa, nikaiweka chini karibu na mguu wa kiti. Nilikuwa nimejiapia nyumbani kwamba sitakunywa kitu pale.

"Haya," mama akasema, "shika kidevu."

Sikuwa nimeshika kidevu cha mtu tangu siku ile. Pale kibandani nawaelekeza wateja kwa mdomo tu, "geuka hivi, inua kidogo." Nikainama nikamshika kwa vidole vitatu.

"Vidole vyako ni baridi."

"Viwili havina habari yoyote, Kogo."

"Basi tumia hivyo vingine. Na usiniambie nisipumue. Hiyo itakuja yenyewe."

Nikatoa kamera kubwa. Nikailaza lenzi juu ya kifundo cha mkono badala ya kiganja, ikatulia. Ili kumpata ilibidi nisimame hatua mbili tu kutoka kwake, nasikia pumzi inavyokwaruza. Nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Mwenye duka alisema kweli. Sijawahi kupiga uso namna ile. Kila mstari ulikuwa mahali pake, na macho yalikuwa na maji na ukali. Lakini nyuma yake hakukuwa na kitu. Ndege iliyeyuka ikawa ukungu wa buluu. Dirisha jekundu likawa doa laini. Kamera kubwa ndivyo inavyofanya ukiwa karibu na lenzi iko wazi. Inachagua mmoja, wengine inawasamehe.

Nikapiga nyingine kwa ile ndogo, kutoka palepale, bila kuvuta. Sensa ya ukucha haijui kuchagua. Uso ulitoka mkavu kidogo, si mzuri kama ule, lakini kila kitu kilikuwepo: kitambaa cha kichwa, ngazi, bawa refu, na dirisha unaweza kuona mahali brashi ya kucha ilipopita.

Akataka kuona. Akaangalia moja, akaangalia nyingine, kamera ameziweka mapajani.

"Hii ni mimi," akasema juu ya ile ya kwanza. "Nzuri." Halafu akagusa ile nyingine. "Na hii ni mimi na nyumba yangu."

"Unataka ipi?"

"Zitoe zote. Hiyo ya ndege weka kwako, mahali watu wanakaa."

Kabla sijaondoka niliinua kile kikombe nikanywa nusu. Kilikuwa kimepoa. Nilikunywa chake, si cha mwanawe.

Siku ya tatu kinyozi akaja kibandani kuchukua picha. Nilikuwa nimezichapa zote mbili kwa karatasi kubwa, nikazilaza mezani mbele yake, sikusema ipi ni ipi. Nilitaka kumwona akichagua. Kwa nini nifiche, nilikuwa nimeingoja siku hiyo kuliko nilivyongoja mkono upone.

Aliangalia ile ya ndege muda mrefu. Kidole chake kikaenda mpaka karibu na dirisha, kikarudi.

"Hii haiwezi kufutwa huku nyuma?" akauliza. "Siku hizi hata simu inafuta."

"Inaweza. Mimi sifuti."

Akachukua ile nyingine, yenye uso peke yake, akaifunga kwa gazeti kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Alifika mlangoni akasimama, mgongo kwangu.

"Hiyo pazia nitairudisha. Kesho nitaleta."

Ningeweza kusema lete. Ni yangu. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Mwachie mama," nikasema. "Baridi bado iko. Utaleta siku hataihitaji."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Hakuomba msamaha, na mimi sikumpa kitu ambacho hakuomba.

Jioni ile nikarudisha kamera kubwa dukani. Mama mwenye duka akaifuta kwa kitambaa huku akinisikitikia.

"Mzee, umeacha kamera umebeba kichezeo. Ni mkono?"

Ningemwambia ni mkono, na angeamini. "Mkono uliizoea," nikamwambia. "Mimi ndiye sikuizoea. Picha yake ni nzuri kupita kiasi. Nilimpa mtu mmoja achague, akachagua hiyo hiyo."

Hakuelewa. Akanifungia ile ndogo na chaja yake.

Picha ya ndege nimeitundika ukutani kibandani, juu ya benchi la kungojea. Wateja wengi wanamwona mama mzee tu. Wachache, wanaotoka kule senta, wanaingia wakiongea, wanainua macho, sauti zinashuka. Mmoja alitoka akasema amesahau pesa, hakurudi.

Wiki iliyopita aliingia mzee wa kanisa. Nywele zimekwisha, lakini Biblia iko kwapani bado. Alitaka picha ya pasipoti.

"Una safari tena, mzee?" nikamuuliza.

Akanitambua. Akainua macho ukutani, akaona dirisha, akakaa kwenye kiti. Sikuwa na haraka. Nikawasha kamera yangu ndogo, nikaiweka juu ya meza, nikamwendea. Nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, vile vidole viwili vikimgusa shavuni vimenyooka, nikakigeuza kufuata mwanga.

"Juu kidogo," nikamwambia. "Angalia mbele. Usipumue."