Kesi ya Elpidius yagawa benchi la Mama Kokugonza

Ukungu bado umelalia migomba ya Kihanga, na chungu cha Kokugonza kinatokota. Mjane huyu amewauzia wapita njia ndizi na maharage kwa miaka kumi na miwili. Benchi analo moja. Wiki hii wateja wamelikata vipande viwili bila msumeno: hawa huku, wale kule, katikati pangelala mbuzi.

Kisa ni kesi ya Elpidius, mchimbaji wa madini ya bati kule Kyerwa. Ameshtakiwa Bukoba kwa kumuua msimamizi wake Mzungu kwa sururu. Mwenyewe anasema alielekezewa bunduki kwanza, akajihami. Hukumu ni kesho.

“Mweusi akimuua Mzungu, hata malaika wakimtetea hawasikilizwi,” anasema Mutalemwa, mchimbaji aliyekuja likizo.

“Korti haiangalii rangi,” anajibu Melkiory, karani wa ghala la kahawa. “Na Wazungu wakiogopa wakafunga machimbo, utachimba nini, viazi?”

“Bwana karani, wewe ungeelekezewa bunduki ungeomba kalamu!”

Kokugonza anacheka, lakini moyoni ana hofu. Watoto wake wanne wanalishwa na chungu hiki. “Jana wawili waliondoka bila kula,” anasema. “Wakihama wote, benchi litabaki langu na kuku.”

Na yeye yuko upande gani?

“Sikuwapo. Ila ukielekezewa bunduki, huulizi rangi ya kidole kilichoishika. Na aliyekufa naye ana mama.”

Baada ya chakula huwapa wateja kahawa kavu ya kutafuna, tunda zima. Leo anapasua tunda moja, Mutalemwa na Melkiory anawapa punje moja moja.

“Mama, uchoyo umeanza lini?” Melkiory anauliza, tayari anatafuna.

“Kitendawili!”

“Tega!” wanaitikia wote wawili.

“Mapacha wangu wamelala kitanda kimoja, shuka moja, hawagombani.”

Mutalemwa anaacha kutafuna. “Punje za tunda la kahawa.”

“Basi mapacha hao mmeshawala. Gombaneni sasa, tuone!”

Benchi zima linalipuka kwa kicheko. Nani hapa asiyejua kwamba wazee walifunga udugu kwa kugawana punje za tunda moja, zilizopakwa damu yao?

“Katufunga huyu!” anasema Melkiory, akifuta machozi. “Na damu je, mama?”

“Iliyomwagika Kyerwa inatosha.”

Mutalemwa anasogea. Karani naye anasogea. Pale pa mbuzi hapapo tena.

Kesho lori la Bukoba litaleta habari. Kokugonza anaomba Elpidius arudi kwao. Hata hivyo ameshaazima chungu kikubwa.

“Wakicheka, watakula. Wakilia, watakula pamoja. Benchi langu silikati.”