Chini ya Ulimi wa Mfaume

Enzi zetu, kule Milola, ulimi ulikuwa na kazi nyingi kuliko kusema. Msimu wa mabibo ulipowadia, tulitoka shuleni moja kwa moja hadi mashambani, tukarudi na sare zenye madoa yasiyojua sabuni. Huko tulishindana kulamba ncha ya pua, na mshindi alijichagulia bibo kubwa kuliko yote. Nikiwa binti wa miaka minane, nilikuwa bingwa. Na nikiri kwamba shahada niliyoipata chuo kikuu miaka mingi baadaye haikunivimbisha kichwa kama ubingwa ule. Vijana wa leo nao hutoa ndimi nje, lakini mbele ya simu, na wala hakuna anayepewa bibo.

Mwaka huohuo mama alimzaa mdogo wangu, Mfaume. Alizaliwa mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kisha akaanza kupungua. Alinyonya huku akitoa vidoko vya ulimi, akaliachia ziwa, akalia, akalishika tena. Chuchu za mama zilichanika. Nilimwona akiuma upindo wa kanga kila alipompakata.

Kwetu, mtoto mchanga akikonda, watu hawakuuliza ananyonyaje. Waliuliza wazazi wamefanya nini. Ilisemwa amebemendwa, yaani baba au mama amevunja mwiko wa kitanda kabla mtoto hajaacha ziwa. Wanawake waliotuletea uji wa mtama waliondoka wakinong'ona. Bibi Somoe, mama mzaa baba, hakunong'ona.

"Mkamwana, mtoto hakondi bure. Mmoja wenu atamke, tumtafutie dawa."

"Sina la kutamka, mama. Mtoto ana njaa."

"Njaa! Na hayo maziwa yaliyokulowanisha mpaka kiunoni?"

Baba alikuwa amekaa palepale, akisuka ukili wake kana kwamba hakusikia. Kimya chake kilimchoma mama kuliko maneno ya bibi. Nami, nasema kwa aibu, nilianza kumtazama mama yangu kwa jicho la shaka.

Alasiri moja mama alinikabidhi Mfaume ili apate kutwanga. Mtoto alilia, nikamfanyia kile nilichokijua vizuri kuliko chochote: nikamtolea ulimi. Akanyamaza, akanikazia macho, akafunua kinywa akitaka kuniiga. Ulimi wake haukuvuka fizi. Ncha yake ilivutwa ndani, ikabonyea katikati kama bibo pale korosho inapong'olewa.

"Mama! Mfaume ulimi wake umefungwa!"

Mama alikuja mbio, mikono imejaa unga. Alinawa, akapitisha kidole chini ya ulimi wa mwanawe. Kikakwama kwenye utando mfupi, mgumu. Akaketi chini palepale kwenye pumba.

"Kumbe ni udata," akasema. Akacheka na kulia kwa pamoja.

Bibi naye alichungulia. "Kazi ndogo hiyo. Leteni wembe."

"Wembe unaokata kucha za ukoo mzima? Hapana, mama. Kesho nampeleka hospitali Lindi."

Hakuna aliyewahi kumsikia mama akimwambia bibi hapana. Baba aliweka ukili chini. "Mfuko nitabeba mimi," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza katika shauri lile.

Nilikwenda nao. Tulifikia Rasbura, palepale Lindi, kwa shangazi, na asubuhi hospitalini tukampata muuguzi mmoja mtu mzima. Baada ya shikamoo na marahaba, aliinua ulimi wa Mfaume, akafunua na mdomo wa juu kutazama kama nao umeshikwa na fizi.

"Si kila udata hukatwa, mwanangu," alimwambia mama. "Anayenyonya vizuri huachwa. Huyu wako hawezi."

Aliuzidua utando, yaani akaukata, kwa mkasi safi. Likatoka tone la damu, na kilio hakijatimia akamrudisha kifuani kwa mama. Vidoko vilikwisha. Mfaume alimeza, akameza tena. Nilimtazama mama: kanga ilikuwa imelala magotini, haikuumwa.

Mapaja ya Mfaume yalipojaa, bibi alimpakata mbele ya wanawake walewale wa uji. "Mkamwana, nimekosa," alisema. "Nilichungulia kitanda chenu, sikuchungulia kinywa cha mjukuu wangu." Sijasikia mtu mzima akiomba radhi kwa unyoofu namna ile, hata katika kumbi za wasomi.

Leo Mfaume anasomesha Kurani Lindi mjini, na wauguzi wengi humkagua mtoto kinywa kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Ni heri kubwa. Sizitamani siku za kubemendwa. Lakini siku hizi picha ya mtoto huonwa na watu elfu ambao hawatamshika kamwe, na ninaikumbuka mikono ya zamani, hata iliyokosea.

Juzi Mfaume alituletea kitinda mimba wake. Wajukuu wa mama walimzunguka mtoto na simu zao, kila mmoja akitafuta pembe nzuri. Mama, ambaye macho yake sasa yana ukungu, aliomba maji na sabuni. Akanawa taratibu, akampakata mtoto, akapitisha kidole chini ya ulimi wake, kushoto na kulia. Simu zikashuka moja baada ya nyingine.

"Alhamdulillahi, uko huru," akasema. "Haya, sasa niambieni anaitwa nani."