Mwalimu Wangu wa Mlimani na Kiroba cha Viazi

Mwaka juzi nilikwenda sokoni Kwa Sadala kununua viazi. Kiroba kilikuwa kizito, nikaita mbebaji. Aliyekuja alikuwa mzee mwenye koti la mlimani lililochanika begani. Nilipomtazama usoni, nilimtambua.

Ndiye aliyenipandisha Kilimanjaro mara ya kwanza, yeye mwongoza wageni, mimi mpagazi, kabla sijawa mpishi. Kila tuliposhuka alituingiza baa moja ya mtaa wa Pasua, tipu ya wageni ikiwa bado ina joto mfukoni, akaagiza mbuzi mzima. "Kuleni!" alikuwa akisema. "Wiki ijayo tunapanda tena." Tulimpenda kama baba.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwamkia.

"Marahaba! Kumbe ni wewe?" Alicheka. "Haya, mzigo upi?"

"Acha tu, mwalimu. Chukua hii, ukanywe chai."

Akausukuma mkono wangu. "Sijakuomba chai. Nimekuuliza mzigo."

Akajitwika. Nikamfuata nyuma hadi kituoni, mikono mitupu, nikitamani nisikutane na mtu anayenijua. Njiani alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba goti lilikataa kushuka mlima na kazi wakapewa wengine.

"Hukuweka akiba yoyote?"

"Nilidhani nitazeeka polepole," alisema. "Uzee umenijia siku moja."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akimenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini.

"Maskini. Na sisi je, tumeweka nini?"

Nilitazama sebule yetu. Miaka kumi na sita ya kupika mlimani! Tulikuwa na televisheni kubwa ukutani, na kila Jumamosi nyama. Basi. Nilikaa kwenye kochi, nikahisi baridi kama niko kambini.

Safari iliyofuata nilishuka nikaenda moja kwa moja nyumbani. Wenzangu waliniita bahili, na iliniuma. Sasa tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila mwezi napeleka kidogo kwenye mfuko wa hiari wa uzeeni. Baa bado naenda, ila kwa nadra, na sikai sana.

Nimerudi Kwa Sadala mara mbili kumtafuta. Wabebaji wanasema amehamia kwa binti yake, huko Bomang'ombe. Mtaa gani, hakuna anayejua.