Kifaranga Niliyemtoa Kabla ya Siku Yake

Nilipokuwa mtoto sikujua kutulia, na mwaka nilipofikisha miaka tisa nyumba yetu ya Kawajense ilinizidishia hali hiyo. Mama alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza watoto wawili, na hakuna aliyeyataja hayo mbele yangu. Niliyajua kwa jinsi wakubwa walivyonyamaza nikiingia.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Sibwesa kumsaidia. Alishuka kwenye gari na kuku jike mwekundu kwapani na mayai kumi kwenye kapu la pumba. Kuku alikuwa tayari anataka kuatamia. Ukimsogelea anavimba na kukoroma. Bibi alitandika mchanga na nyasi kavu kwenye karai bovu, kwenye kona ya jiko la nje, akayatia mayai alama ya mkaa ili kuku wengine wakitaga humo tuyajue yetu. Kisha akaniita Mayu, mama kwa Kisukuma, kama alivyoniita siku zote, akaniambia neno aliloachiwa na wakubwa wake. Kuku akiatamia kwenye nyumba yenye mjamzito, alisema, safari yao ni moja. Vifaranga wakitoka salama, na mtoto atatoka salama. Wakikwama, na yeye anakwama.

Sijui alitaka niyabebe maneno yale kiasi gani. Mimi niliyabeba yote. Kila asubuhi nilimpelekea kuku maji na pumba, nikihesabu siku kwa vijiti.

Siku ya ishirini na moja mama alishikwa na uchungu, baba akampeleka hospitali. Kuku alibaki amelala kimya. Kesho yake baba alipiga simu: bado, mtoto amechelewa kushuka. Bibi alipika uji, akautia kwenye chupa, akanifunga kanga yake mabegani kama mtu anayeondoka kwa muda mrefu.

"Usimguse kuku," aliniambia. "Kazi yake anaijua."

Akaenda hospitali, nikabaki peke yangu. Nilitembea kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Redio ya jirani ilicheza nyimbo ambazo kawaida nilizicheza, siku hiyo sikutaka kuzisikia. Jua lilipofika utosini nilimwinua kuku. Alinidonoa mkono hadi damu ikatoka. Yai moja lilikuwa na tundu dogo, na ndani yake mdomo mdogo ulikuwa unagonga, unapumzika, unagonga tena. Kwangu mimi aliyekuwa anagonga alikuwa mtoto wa mama.

Nikaanza kulibandua kwa ukucha. Ganda la kwanza lilitoka kavu. Kisha utando wa ndani ukachanika, damu ikachuruzika. Sikuacha. Kifaranga alitoka kiganjani mwangu macho yamefumba, kiini cha njano bado kinaning'inia tumboni. Alipumua mara chache, basi.

Nilimzika nyuma ya choo, nikanawa mikono kwa majivu. Kisha nikakaa kizingitini, nikashindwa kuingia ndani, nikashindwa kuondoka. Niliamini nimemuua mdogo wangu kabla hajafika. Nilipoisikia pikipiki ikisimama nje nilikimbilia chumbani, nikajibana nyuma ya magunia ya mahindi.

Bibi alinikuta pale.

"Umepata mdogo wa kiume," alisema.

Nilimuuliza kama anapumua.

"Analia mpaka wauguzi wamechoka."

Hapo nikamweleza yote, maneno yakigongana. Nilitegemea acheke, au anichape. Bibi alikaa chini sakafuni, akaushika mkono wangu uliodonolewa.

"Mama yako usimwambie," alisema. "Mpaka arobaini iishe."

Nilimtazama usoni nikaona naye anaogopa. Mpaka siku hiyo nilidhani wakubwa wakisema mambo kama yale wanajua yanaishia wapi.

Jioni ile vifaranga saba walitoka wenyewe. Mayai mawili yalikuwa viza. Mdogo wangu aliletwa nyumbani, na kwa siku arobaini sikukubali kumbeba. Mama alidhani ni wivu. Nilikuwa nasimama mlangoni kuangalia kifua cha mtoto kama kinapanda na kushuka, na kila alipokohoa mimi na bibi tulitazamana.

Sasa yeye ni mrefu kuliko mimi, ananunua dagaa Ikola na kuwaleta Mpanda. Bibi ameshafariki. Mimi nafuga kuku uani kwangu, na najua kifaranga aliyekwisha kutoboa yai anaweza kukaa hata siku nzima akimaliza kuvuta damu na kiini kilichobaki, anayemharakisha anamuua. Binti yangu nimemfundisha hivyo, na anasubiri vizuri kuliko nilivyosubiri mimi.

Sina kinyongo na bibi. Alikuwa mwanamke mwenye hofu, aliyekwisha kuzika wajukuu wawili, akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake. Lakini bado naikumbuka ile saa ya mchana, mimi na kuku tu katika nyumba nzima. Mwanangu akiniuliza juu ya jambo ninaloliogopa, simfichi. Namwambia, kisha siondoki.