Pima Sita Kila Upande

Fyuuu, kisha sauti ya mtu. Mluzi ule mwembamba wa redio inayotafutiwa mawimbi, Okochi aliusikia akiwa mlangoni mwa duka la kamba la Erastus, Busia ya Kenya, na kwa wiki tatu haukumtoka masikioni. Baada ya mluzi, mtu wa Mombasa alimsalimu Erastus kwa jina.

Okochi alikuwa fundi redio, Busia ya Uganda, mwaka wa ishirini sasa. Ndiye aliyemfundisha Erastus kulehemu. Kila mmoja alipata kwao leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea hewani na watu wa mbali, wakafurahi pamoja. Leo muuza kamba anaongea na Mombasa, fundi anaongea na ukuta.

Mkewe, Damalie, hakumhurumia. "Mwenzako wanamwita kutoka mbali. Wewe nani anakuita?"

Okochi akamwuliza Erastus kama anayeuliza bei ya nyanya. "Ile waya yako ya antena pima ngapi?"

"Sita kila upande, fundi. Katikati zisigusane."

Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Ndivyo kamba inavyouzwa sokoni pale. Okochi, mrefu kama mkalitusi, alinyoosha sita, akakata. Akanyoosha sita tena, akakata. Akafunga nyaya mbili kwenye kipande cha jerikeni, akakipandisha juu ya mwanzi, ncha zikashuka huku na huku kama mabawa. Imeshinda ya Erastus, alijiambia.

Akaita siku nne. Aliwasikia watu wakitaniana hewani. Wao hawakumsikia.

Jumamosi alivuka mpaka na hasira zake. "Umenipa kipimo ya uongo! Unataka kubaki peke yako hewani!"

Erastus, mfupi, alimkagua toka miguuni mpaka kichwani, akaangua kicheko. "Fundi, wateja wakiniona nanyoosha mikono huguna. 'Mke wako Anjeline hayupo? Yeye ndiye ana mikono ya mteja!' Na wewe, je, hiyo mikono yako ni ya nani? Twende kwako."

Wakaushusha waya. Erastus akaupima upande mmoja kwa mikono yake mifupi: moja, mbili, hadi sita. Waya uliobaki ulikaribia kimo chake mwenyewe. "Ikizidi kipimo, sauti haitoki," akasema, akaukata, akakata na wa upande wa pili, wakapandisha tena.

Okochi akaita. Mara ya tatu mwanamke wa Kisumu akajibu, akamtaja kwa namba yake ya leseni, herufi na tarakimu moja moja. Damalie alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga vigelegele. Aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwa Erastus.

Okochi hakucheka. Aliweka kipaza sauti chini, akamsogelea rafiki yake, akasema kwa sauti ambayo hata Damalie hakuisikia:

"Juzi, ile upepo kubwa... nilikuwa naomba ikate waya yako."